Kurithi hisa za kampuni binafsi na vizuizi vya kuzihamisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na warithi, wasimamizi wa mirathi na wanahisa waliobaki baada ya mwenzao kufariki. Majibu yanafuata zaidi sheria za kampuni zenye asili ya Kiingereza, ambazo ndizo msingi wa sheria za Tanzania, Kenya, Uganda, India na nchi nyingine nyingi. Pale Ujerumani au Ufaransa zinapopita njia tofauti, imeelezwa. Hasara nyingi katika mirathi ya aina hii hutokea kwa sababu watu hugawana hisa nyumbani kabla hawajasoma katiba ya kampuni, kwa hiyo utaona katiba ikitajwa karibu kila jibu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mzazi wangu alikuwa na hisa kwenye kampuni, amefariki. Je, mimi sasa ni mwanahisa?

Bado. Una haki juu ya hisa hizo kupitia mirathi, lakini mwanahisa ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la wanahisa. Kufika huko kuna hatua: mahakama imtambue msimamizi wa mirathi, msimamizi ajitambulishe kwa kampuni, kampuni itazame katiba yake inasemaje, ndipo jina libadilishwe. Unaweza kuwa mrithi halali kabisa, hakuna ndugu anayekupinga, na bado usiingie daftarini kwa sababu katiba inawapa wanahisa wengine nafasi ya kuzinunua hisa hizo kabla yako. Ikitokea hivyo, fungu lako linakuwa fedha za mauzo.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimeona familia ikigawana hisa kwenye kikao, ikaandika na muhtasari, kila mmoja akaondoka akijiita mwanahisa. Mwaka mzima baadaye ndipo walipogundua kwamba kampuni haikuwahi kupelekewa hata barua moja.

2. Basi katika kipindi hiki cha katikati hisa ziko kwa nani?

Ziko kwa msimamizi wa mirathi. Kama kuna wosia, ni yule aliyetajwa kuutekeleza, baada ya mahakama kuuthibitisha. Kama hakuna, ni yule aliyeteuliwa na mahakama. Hisa kumfikia msimamizi hakuhesabiwi kuwa uhamishaji: hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua, hakuna hati ya kuhamisha iliyosainiwa. Zimemfikia kwa nguvu ya sheria. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua swali la 6 na la 11.

3. Kwa nini kampuni binafsi inazuia hisa kuhamishwa? Si mali ya mtu?

Ni mali ya mtu, lakini ni mali iliyozaliwa na masharti yake. Kampuni ya namna hii huanzishwa na watu wachache wanaojuana, na kila mmoja ameweka fedha yake kwa sababu anamwamini mwenzake. Hawakukubaliana kufanya kazi na yeyote atakayetokea.

Uingereza ilipoitambua rasmi kampuni binafsi katika sheria ya mwaka 1907, iliipa alama tatu: inazuia haki ya kuhamisha hisa, wanahisa wake hawazidi 50 bila kuhesabu wafanyakazi, na haialiki umma kununua hisa. Sheria ya Tanzania ya 2002 na ya Kenya ya 2015 bado zinafuata sura hiyo. India, kwa sheria yake ya 2013, imepandisha idadi ya wanahisa hadi 200 lakini kizuizi cha kuhamisha kimebaki. Afrika Kusini nayo inakitaka katika sheria yake ya 2008. Uingereza yenyewe iliacha kukilazimisha tangu 1980, ila kampuni nyingi za huko bado zinajiwekea.

4. Nitajuaje kampuni hii ina vizuizi gani?

Anza na katiba ya kampuni. Inawekwa kwa msajili wa makampuni na mtu yeyote anaweza kupata nakala kwa kulipa ada. Hakikisha una toleo la mwisho pamoja na marekebisho yote, kwa maana kifungu cha hisa ni kati ya vile vinavyobadilishwa mara nyingi.

Kisha uliza kama kuna mkataba wa wanahisa. Huu kwa kawaida haupelekwi kwa msajili, unakaa kabatini kwa wakili au kwa wanahisa wenyewe, na ndimo mara nyingi mlimo na maneno makali zaidi kuhusu kifo. Mwisho, mikataba ya mikopo: benki nyingine huweka sharti kwamba umiliki ukibadilika bila idhini yao, mkopo unadaiwa wote kwa mara moja.

Unaposoma, tafuta mambo manne. Je, neno "kifo" limetajwa? Wanahisa wana haki ya kununua kwanza? Wakurugenzi wanaruhusiwa kukataa kusajili? Na kila hatua imepewa siku ngapi? Ziandike siku hizo pembeni ya kalenda yako mara moja.

## Kazi ya msimamizi wa mirathi

5. Nipeleke nyaraka gani kwenye kampuni?

Cheti cha kifo, hati ya mahakama inayokutambua kuwa msimamizi, vyeti vya hisa, na barua inayoeleza unachoomba. Hati ya mahakama ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sheria ya Uingereza ya 2006, kwa mfano, inailazimu kampuni kuipokea kama uthibitisho unaotosha, hivyo katibu wa kampuni hana sababu ya kukudai muhtasari wa ukoo au barua za ndugu wote.

Usiache hati halisi. Peleka nakala zilizothibitishwa, na uhakikishe wanakugongea muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako. Muhuri huo utauhitaji ukifika swali la 13.

Kama mahakama iliyokuteua ni ya nchi nyingine na si ile kampuni iliposajiliwa, hati yako kwa kawaida haitoshi. Utahitaji mahakama ya nchi ya kampuni iitambue au itoe yake. Hapo huchukua muda, kwa hiyo lianze mapema.

6. Je, msimamizi ajiandikishe kwanza mwenyewe, au azihamishe moja kwa moja kwa warithi?

Njia zote mbili zinakubalika. Akijiandikisha, anapata haki zote za mwanahisa ikiwamo kura, na anaweza kulinda mali ya mirathi kutoka ndani. Gharama yake ni kwamba jina daftarini ni lake binafsi, na kama hisa hazijalipiwa zote anaweza kudaiwa yeye mwenyewe (swali la 22). Akihamisha moja kwa moja, anasaini hati ya kuhamisha kwa niaba ya mirathi, na hati hiyo inapimwa kwa vizuizi vilevile kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeisaini.

Katiba nyingi za mtindo wa zamani wa Kiingereza zinawaruhusu wakurugenzi kumwandikia msimamizi kumtaka achague njia mojawapo. Zikipita siku 90 hajajibu, wanaweza kuzuia gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa) mpaka atakapochagua. Barua hiyo ikija, ijibu.

7. Gawio la kipindi hiki ni la nani?

La mirathi. Kampuni inamlipa msimamizi aliyethibitisha cheo chake, naye analiingiza kwenye hesabu ya mirathi. Si la mtoto mkubwa, wala si la yule aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni pamoja na marehemu. Gawio lililotangazwa kabla ya kifo likawa halijalipwa nalo ni deni ambalo mirathi inaidai kampuni.

8. Je, msimamizi anaweza kupiga kura kwenye mkutano wa wanahisa?

Kwa kawaida hapana, mpaka jina lake liingie daftarini. Katiba ya mfano ya Uingereza ya mwaka 2008 (ile inayotumika pale kampuni isipojiandikia yake) inalisema wazi: aliyefikiwa na hisa kwa sababu ya kifo hana haki ya kuhudhuria wala kupiga kura kwa hisa hizo kabla hajawa mwanahisa.

Tazama maana yake. Marehemu alikuwa na asilimia 60 ya hisa, wenzake wana 40. Siku mkutano unaofuata ukiitishwa, ile 60 haina mdomo, na wenye 40 ndio kura zote zilizopo. Wanaweza kuchagua wakurugenzi wapya, na wakurugenzi hao ndio watakaoamua kama utasajiliwa au la. Familia inapoomboleza ni vigumu kuifikiria kampuni, naelewa kabisa. Lakini kama marehemu alikuwa na hisa nyingi, maombi ya usimamizi yasingoje.

9. Cheti cha hisa hakionekani. Hisa zimepotea?

Hapana. Cheti ni ushahidi tu. Daftari la wanahisa ndilo kumbukumbu kuu. Omba cheti kingine. Kampuni itakutaka uape kwamba kimepotea na usaini ahadi ya kuifidia endapo cha zamani kitaibuka mikononi mwa mtu mwingine.

## Vizuizi vyenyewe

10. Haki ya kununua kwanza inafanya kazi vipi?

Anayetaka kuhamisha hisa anaiandikia kampuni taarifa. Kampuni inawatangazia wanahisa wengine, kila mmoja kwa uwiano wa hisa alizonazo, na kuwapa muda. Zisizonunuliwa hutolewa tena kwa waliokubali. Zikibaki baada ya hapo, ndipo zinaweza kwenda kwa mtu wa nje, na mrithi ambaye hakuwa mwanahisa ni mtu wa nje.

Chukua kampuni yenye hisa 1,000. Marehemu alikuwa na 400, wa pili ana 360, wa tatu ana 240. Hisa 400 zikigawiwa kwa uwiano, wa pili anastahili 240 na wa tatu 160, na kampuni inabaki na watu wawili wenye 600 na 400. Lakini wa tatu asipokuwa na fedha, wa pili anaweza kuzichukua zote 400 akafikisha 760. Hiyo ni zaidi ya robo tatu, kiwango ambacho kwa sheria nyingi za asili ya Kiingereza kinatosha kubadilisha katiba yenyewe. Ndiyo maana ugomvi wa hisa za marehemu mara nyingi huwa kati ya wanahisa waliobaki, na mrithi anajikuta katikati.

Jambo moja la kuangalia kabla hujasaini: katiba nyingine hazikuruhusu kuiondoa taarifa ya kuhamisha ukishaitoa. Msimamizi anayesaini fomu kwa kudhani anauliza tu bei anaweza kuwa ameshauza.

11. Je, kifo peke yake kinaianzisha haki hiyo?

Inategemea maneno. Katiba ikisema tu kwamba anayetaka "kuhamisha" hisa azitoe kwanza kwa wenzake, bila kutaja kifo, basi kifo peke yake hakihesabiwi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiamua jambo la karibu na hili mwaka 1982 katika shauri la Safeguard: wasimamizi waliokuwa tayari wameandikishwa, wakaendelea kuzishika hisa kwa faida ya warithi bila kuhamisha jina, hawakulazimika kuzitoa kwa mwanahisa mwingine. Neno kuhamisha lilichukuliwa kuwa ni kubadilisha jina daftarini, si kubadilika kwa anayefaidi.

Katiba nyingine zimeliziba tundu hilo. Zinasema mwanahisa akifariki, msimamizi wake atahesabiwa kuwa ametoa taarifa ya kuhamisha siku fulani baada ya kifo, apende asipende. Na zipo zinazowaondolea kizuizi watu wa karibu, kwa mfano mwenzi na watoto. Soma orodha hiyo kwa makini. Kama imeandikwa "mtoto" na wewe ni mjukuu, au mtoto wa kambo, usidhani umo.

12. Wakurugenzi wanaweza kunikataa bila hata kutoa sababu?

Kukataa, ndiyo, ikiwa katiba inawapa hiari hiyo. Shauri linalonukuliwa kila mara ni la Smith & Fawcett la mwaka 1942. Kampuni ilikuwa na wakurugenzi wawili ambao ndio waliokuwa wanahisa wake, kila mmoja na hisa 4,001. Mmoja akafariki. Mwanawe, akiwa msimamizi wa wosia, akaomba aandikishwe. Aliyebaki akakataa, akasema yuko tayari kumwandikisha kwa hisa 2,001 tu ikiwa zile 2,000 atauziwa yeye kwa bei aliyoitaja. Mtoto akaenda mahakamani akashindwa mpaka rufani. Mahakama ilisema wakurugenzi wanatakiwa kuamua kwa nia njema kwa kile wao wanachoona kina faida kwa kampuni, si kile mahakama inachokiona. Nikiisoma hukumu ile bado huniuma: hisa za baba zilikuwa nusu ya kampuni.

Tangu hapo sheria zimempa mrithi ahueni kidogo. Uingereza, tangu sheria ya 2006, kampuni inapaswa ama kusajili au kumjulisha mwombaji kwamba imekataa, pamoja na sababu, ndani ya miezi 2. India inatoa siku 30, na aliyekataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye baraza la serikali linaloamua mashauri ya kampuni, au siku 60 tangu alipowasilisha kama hakujibiwa kabisa. Sababu zikishaandikwa zinaweza kupimwa, na wakurugenzi waliokataa ili wajinunulie wenyewe kwa bei ya chini wako kwenye hatari.

13. Wakurugenzi hawajakubali wala hawajakataa. Wamekaa kimya.

Kimya mara nyingi kinakusaidia wewe. Hiari ya kukataa lazima itumike kwa uamuzi halisi wa bodi, na kama uamuzi haukupatikana, haki ya kusajiliwa inabaki pale pale. Katika shauri la Hackney Pavilion la mwaka 1924, mjane aliomba kuandikishwa. Wakurugenzi waliobaki walikuwa wawili, mmoja akataka, mwingine akapinga, na hapakuwa na kura ya mwenyekiti ya kuvunja sare. Mahakama ilisema kura zilizofungana si kukataa, kwa hiyo mjane aandikishwe.

Ndiyo maana muhuri wa tarehe wa swali la 5 ni muhimu. Bila hiyo tarehe hakuna anayeweza kuhesabu kimya kimedumu siku ngapi.

14. Wosia unasema hisa zije kwangu, katiba inasema wanahisa wapewe kwanza. Kipi kinashinda?

Katiba. Marehemu hakuweza kukupa zaidi ya alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni hisa zenye kizuizi. Wosia unaendelea kufanya kazi kwa namna nyingine: zikinunuliwa na wanahisa, fedha zake kwa kawaida zinakuja kwako wewe uliyetajwa, wala haziingii kwenye fungu la jumla, isipokuwa wosia uwe na maneno tofauti. Vivyo hivyo kwa faraidhi (mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu) na kwa mgawanyo wa kisheria pasipo na wosia: zinaamua nani anafaidi, haziamui nani anaingia daftarini.

15. Nchi zote ziko hivi?

Hapana. Ujerumani, sheria ya kampuni zenye dhima ya kikomo inasema hisa zinauzika na zinarithika, na katiba haiwezi kuufuta urithi huo. Mrithi anaingia moja kwa moja. Lakini katiba inaweza kuruhusu hisa zake zifutwe baadaye kwa kulipwa fidia, au kumlazimu azihamishe kwa mtu fulani, hivyo anaweza kuingia leo na kutolewa kesho. Ufaransa, kwenye kampuni ya aina hiyo, hisa hupita kwa warithi kwa uhuru isipokuwa katiba imeweka sharti la kukubaliwa na wanahisa. Wakimkataa, hawaachi hisa zielee hewani: zinatakiwa kununuliwa, na bei ikibishaniwa inapangwa na mtaalamu. Ule mtindo wa Kiingereza wa kukataa bila kulazimika kununua ndio mkali zaidi kwa mrithi.

## Bei

16. Nani anapanga bei ya hisa ninazolazimika kuuza?

Katiba au mkataba wa wanahisa. Zipo zinazoweka kanuni ya hesabu, kwa mfano mali yote ukitoa madeni, kugawa kwa idadi ya hisa. Zipo zinazomwachia mkaguzi wa hesabu wa kampuni au mthamini huru ataje "thamani ya haki". Na zipo zinazotaja bei ya awali ya hisa, ile ya siku kampuni ilipoanzishwa. Hii ya mwisho ni ya kuhofia: kampuni iliyokua kwa miaka 20 inaweza kuchukuliwa kwa thamani ya siku yake ya kwanza, na kwa kuwa wanahisa waliikubali wenyewe, kuipinga ni kazi ngumu.

Uliza pia tarehe ya kuthamini. Je, ni siku ya kifo, siku ya taarifa, au mwisho wa mwaka wa hesabu uliopita? Kama marehemu ndiye aliyekuwa nguzo ya biashara, thamani ya kabla na ya baada ya kifo chake hazifanani.

17. Marehemu alikuwa na asilimia 40. Kwa nini mthamini amenipa chini ya asilimia 40 ya thamani?

Amepunguza kwa sababu hisa 40 kati ya 100 haziamui peke yake mambo ya kampuni. Kampuni ikithaminiwa 100, fungu lako kwa uwiano ni 40. Akikata punguzo la asilimia 30, unabaki na 28. Kama punguzo hilo ni halali au si halali kunategemea maneno ya katiba. Maneno kama "bila kupunguza kwa sababu ya uchache wa hisa" yanakulinda. Yasipokuwapo, mthamini ana nafasi ya kupunguza, na ripoti yake ikishatoka ni vigumu kuivunja. Jadili msingi wa uthamini kabla hajaanza kazi.

18. Wanahisa wanataka kununua lakini hawana fedha.

Haki ya kununua ina muda wake. Ukipita bila malipo, kwa kawaida hisa zinafunguka. Mkikubaliana walipe kwa awamu, hati ya kuhamisha isitoke mikononi mwako kabla ya fedha, au uwe na dhamana inayoshikika. Msimamizi aliyetoa hisa kwa ahadi ya mdomo atawajibika mwenyewe kwa warithi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Marehemu alikuwa mwanahisa pekee na mkurugenzi pekee. Hakuna wa kunisajili.

Hii ni hali mbaya kuliko watu wanavyodhani. Benki inaweza kuifunga akaunti, mishahara ikasimama, na hakuna mwenye mamlaka ya kusaini. Katiba ya mfano ya Uingereza ya 2008 imeweka mlango: wasimamizi wa mirathi ya mwanahisa wa mwisho kufariki wanaweza kumteua mkurugenzi kwa barua tu, naye mkurugenzi huyo ndiye atakayewasajili. Kampuni yenye katiba ya zamani haina mlango huo, na msimamizi atalazimika kuiomba mahakama amri. Kama wewe una kampuni ya namna hii na bado uko hai, ongeza kifungu hicho sasa.

20. Mafungu yetu hayatoi hisa kamili. Tufanyeje?

Hutokea sana kwenye faraidhi. Mume ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na hisa 300. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane: 37.5. Zinabaki 262.5, wa kiume anapata 131.25 na kila wa kike 65.625. Kampuni haiandiki nusu hisa daftarini.

Njia moja ni kampuni kupasua kila hisa kuwa 8. Zile 300 zinakuwa 2,400: mke 300, wa kiume 1,050, kila wa kike 525, na hesabu inakamilika bila kubaki kitu. Lakini lazima hisa zote za kampuni zipasuliwe vivyo hivyo, kwa azimio la wanahisa. Wasipokubali, warithi wagawane hisa kamili kisha wafidiane fedha kwa vipande vilivyobaki, au vipande hivyo vishikwe kwa pamoja. Wanaoshika kwa pamoja wanahesabiwa mwanahisa mmoja, jambo linalosaidia kama kampuni inakaribia kikomo cha 50.

21. Hisa ziliandikwa majina mawili, la marehemu na la mtu mwingine.

Kwa sheria za asili ya Kiingereza, kampuni inamtambua aliyebaki hai peke yake. Mpelekee cheti cha kifo katibu wa kampuni, jina la marehemu linafutwa. Kama fungu la marehemu linafaidiwa na warithi wake au na huyo aliyebaki, hilo ni suala jingine la kudai nje ya daftari.

22. Hisa hazijalipiwa zote. Deni ni la nani?

La mirathi, mpaka mtu mwingine aandikishwe. Msimamizi akijiandikisha kwa jina lake, deni linaweza kumfuata binafsi hata kama mali ya mirathi imekwisha. Kwa hisa kama hizi mimi huwashauri wasimamizi wazihamishe moja kwa moja.

23. Mrithi ni mtoto mdogo.

Hisa zishikwe na mdhamini au mlezi aliyetambuliwa kisheria mpaka mtoto afikie umri. Kampuni nyingi hukataa kuandika jina la mtoto, na zina haki.

24. Wamenikataa, hawataki kununua, na gawio wameacha kutangaza.

Huu ndio mtego wa kawaida wa kumchosha mrithi mpaka auze kwa bei ya kutupa. Usikubali haraka. Sheria ya Uingereza ya 2006 inamruhusu hata mtu ambaye hajaandikishwa, ila hisa zimemfikia kwa nguvu ya sheria, kulalamika mahakamani kwamba kampuni inaendeshwa kwa kumwonea. Nchi nyingi zilizorithi sheria hiyo zina kifungu cha jamii yake. Amri inayotolewa mara nyingi ni hisa zinunuliwe kwa bei ya haki. Kusanya ushahidi: mishahara ya wakurugenzi ilipandaje baada ya kifo, faida imekwenda wapi, barua zako zilijibiwa lini.

25. Miaka mingi imepita, jina la marehemu bado liko daftarini. Nimechelewa?

Hisa hazifi kwa sababu mwenyewe amefariki. Ila vilivyo pembeni yake vinaweza kupotea. Gawio lisilodaiwa hupotea baada ya muda uliotajwa kwenye katiba. Katika katiba ya mfano ya Uingereza ni miaka 12. Kampuni inaweza kuwa imetoa hisa nyingine mpya, fungu lenu likapungua. Au imefutwa kwa msajili, na mali yake ikaenda serikalini. Uingereza kwa kawaida kuna miaka 6 tangu kufutwa kuiomba mahakama iirejeshe.

Anza kwa msajili wa makampuni. Omba taarifa ya kampuni ilivyo leo na ya mwaka aliofariki marehemu, uziweke meza moja, usome nani alikuwapo, nani ameingia, na kwa hisa ngapi.